Ubuyu na Mikono Inayouchekecha

Mche wa mbuyu haufanani na mbuyu. Ukichomoza ardhini baada ya mvua za kwanza, majani yake ni membamba na hukaa moja moja, bila vile vidole vitano au saba vinavyoutambulisha mti mzima na ambavyo ndivyo vilivyowafanya wataalamu waupe jina la digitata, wenye vidole. Mkulima anayepalilia mahindi huupitia kwa jembe kama anavyopitia gugu lolote. Hana kosa, kwa kuwa hakuna kilichomwonyesha kwamba hapo ameng'oa mti ambao ungelisha vitukuu vyake. Waliosema mbuyu ulianza kama mchicha waliutazama mche kwa makini, wakausema ulivyo.

Siku hizi, hata hivyo, habari za mbuyu hazianzii kwenye mche. Zinaanzia kwenye tunda, tena kwenye rafu za maduka ya mbali. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake chini ya sheria ya vyakula vipya, sheria inayohesabu kuwa kipya chochote ambacho hakikuliwa kwa wingi huko kabla ya Mei 1997. Mwaka uliofuata Marekani nayo ikaufungulia mlango. Tangu hapo ubuyu umeingizwa kwenye kundi la matunda yanayosifiwa kupita mengine yote: utasikia kwamba una vitamini C mara sita ya chungwa, kalsiamu nyingi kuliko maziwa, na kwamba ni mkombozi wa vijiji vya Afrika. Sifa hizo zinahitaji kupimwa moja moja, kwa sababu ubuyu ni chakula kizuri mno kuachwa kitegemee chumvi ya watangazaji, na kwa sababu ule wokovu wa vijiji hauji wenyewe. Unategemea jambo dogo linalosahaulika: buyu linapasuliwa wapi, na nani anayechekecha.

Tuanze na chungwa. Kulinganisha gramu 100 za unga mkavu na gramu 100 za chungwa bichi ni kulinganisha gunia la dagaa wakavu na ndoo ya samaki wabichi. Zaidi ya asilimia 85 ya chungwa ni maji. Ubuyu hujikausha wenyewe ndani ya ganda lake ukiwa bado unaning'inia mtini, hata ukipasuliwa tayari umeshakuwa unga mgumu wa kuvunja kwa vidole. Tena hakuna anayekula gramu 100 za ubuyu kwa mkao mmoja. Kijiko cha chakula kilichojaa kina kama gramu 10. Na vipimo vya vitamini C vimetofautiana sana kati ya mti na mti, eneo na eneo: kuna unga ulioonekana kuwa na chini ya miligramu 100 katika kila gramu 100, na kuna uliopita 300.

Baada ya hesabu hiyo, kinachobaki bado ni kingi. Vijiko viwili vya unga mzuri, uliotunzwa pakavu, vinakaribia miligramu 45 ambazo Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima kuzipata kwa siku. Karibu nusu ya uzito wa unga huo ni nyuzinyuzi, nyingi zikiwa za aina ya pektini, ile inayofanya juisi ya ubuyu kuwa nzito kooni na kulituliza tumbo. Kalsiamu yake ni kama miligramu 300 kwa gramu 100, na potasiamu ni nyingi sana, jambo ambalo ni jema kwa watu wengi lakini wagonjwa wa figo wanapaswa kumuuliza daktari kwanza. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanga wa mkate mweupe uliookwa na dondoo la ubuyu ulimeng'enywa polepole zaidi, na kwamba watu waliokunywa kinywaji cha ubuyu pamoja na mkate sukari yao ya damu haikupanda kama kawaida. Washiriki walikuwa wachache, nao walikuwa wazima. Si sababu ya mgonjwa wa kisukari kutupa vidonge vyake, na anayemwambia hivyo sokoni anamdhulumu.

Thamani kubwa ya ubuyu kiafya haimo katika muujiza wowote. Imo katika kalenda. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 na ushei kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ifikapo Julai mboga za majani zimeshakauka, maembe bado, na sahani ya familia nyingi inabaki ugali na mlenda wa majani makavu. Huo ndio wakati mabuyu yanapokomaa. Mti ulionyonya maji ya masika na kuyaweka kwenye shina lake laini unatoa tunda chachu katikati ya kiangazi, wakati hakuna kingine chenye vitamini C karibu. Uchachu huo una kazi ya ziada: vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharage, mtama na majani, na katika nchi ambayo upungufu wa damu unawasumbua wajawazito na watoto wengi, kijiko cha ubuyu pembeni ya sahani ya maharage ni lishe ya kweli. Sharti lake ni moja: usichemshwe. Uji ukishaepuliwa na kupoa kidogo, ndipo ubuyu ukorogwe ndani. Moto huiharibu vitamini C, na mama anayeuchemsha pamoja na unga wa mtama anabakiwa na uchachu na nyuzinyuzi, wakati alichokitafuta zaidi kimepotea motoni.

Katika bonde la Ziwa Eyasi, Wahadzabe hawakusubiri vipimo hivyo. Ubuyu kwao ni miongoni mwa vyakula vikuu, sambamba na asali, mizizi, matunda madogo ya porini na nyama. Huutwanga pamoja na mbegu na kuukoroga kwa maji, na mbuyu huohuo ndio wanaoukwea kwa vigingi vya mti walivyovigongomea kwenye shina, kufuata mizinga ya nyuki. Wagogo huuita mpela, Wasukuma ngwandu, Wamaasai olmisera. Senegali kinywaji chake huitwa bouye na mti wenyewe umo kwenye nembo ya taifa. Malawi tunda ni malambe. Sudan mti ni tabaldi, na watu wa Kordofan walikuwa wakiyachonga mashina yake na kuyageuza matangi ya maji. Mshona wa Zimbabwe akisema mawuyu, Mswahili haitaji mkalimani. Bara zima linaujua mti huu kwa jina la nyumbani.

Pwani yetu imeupa heshima ya namna nyingine. Ubuyu wa Unguja, mbegu zilizovikwa sukari, iliki, vanila, chumvi na pilipili, ni zawadi ambayo mgeni asiporudi nayo bara ataulizwa. Ule wa Babu Issa una jina kuliko wanasiasa wengi. Mombasa mabuyu mekundu huipaka rangi midomo ya watoto wa shule kila alasiri. Hata umbea wa mjini umeazima jina: mwenye habari moto huambiwa alete ubuyu. Lakini ukitazama vizuri, heshima hii ina kasoro inayouma. Ubuyu umebaki kitu cha watoto na cha barabarani, na katika vijiji vingi vya bara unahesabiwa chakula cha mwaka wa njaa, kitu ambacho familia yenye uwezo haiweki mezani mbele ya mgeni. Soda huwekwa. Kinywaji cha viwandani, cha sukari tupu na rangi, kinaupita hadhi ubuyu uliotwangwa asubuhi hiyohiyo nyuma ya nyumba. Na pale ubuyu unapotoka kwenda mjini, nao huzamishwa kwenye sukari hadi uchachu wake usisikike. Hakuna ubaya katika peremende ya Ijumaa. Ubaya ni kwamba kizazi kizima cha miji kinaamini ubuyu ndio hiyo peremende.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mama ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, gunia la mabuyu liko ubavuni. Anachukua buyu moja, lenye manyoya laini kama mahameli ya kijani-kahawia, analiweka juu ya jiwe na kulipiga kwa mchi mara moja, mara ya pili, hadi ufa unazunguka. Ndani kuna mabonge meupe yaliyoshikana na nyuzi nyekundu, kila bonge likificha mbegu nyeusi ngumu. Anayakung'uta kinuni. Hapo hatwangi kwa nguvu kama anavyotwanga mtama. Anapondaponda kwa mkono mwepesi, kwa sababu akivunja mbegu unga utaingia uchungu na weusi. Kisha chekeche. Vumbi linaloanguka kwenye sinia ni laini kama poda ya mtoto, na linanata vidoleni kila upepo wenye unyevu unapopita. Ndiyo maana anafanya kazi hii mchana wa jua kali, na ndiyo maana unga ukishajaa ndoo hufunikwa haraka: ukivuta unyevu unagandamana, unabadilika rangi kuwa kahawia, na vitamini inayosifiwa huko Ulaya inapungua kila wiki.

Sasa tazama alichobakiwa nacho mkekani. Ganda, nyuzi na mbegu ni sehemu kubwa ya uzito wa buyu. Unga aliouchekecha ni chini ya robo. Ndani ya hesabu hiyo mna siri yote ya biashara. Mfanyabiashara anayekuja na lori kununua mabuyu mazima kwa gunia ananunua maganda kwa sehemu kubwa, na kwa sababu analipa mafuta ya kubeba maganda, bei ya kijiji ndiyo anayoibana. Kupasua, kuponda na kuchekecha kutafanyika mjini, na ujira wa kazi hiyo utabaki mjini. Kijiji kilichouza mabuyu kimeuza uzito. Kijiji kilichouza unga safi kimeuza kazi ya mikono ya wanawake wake, na hiyo ndiyo ghali.

Kenya hali hiyo imeonekana wazi: mabuyu ya Ukambani na ya Kilifi husafirishwa hadi Mombasa, kunakopikwa peremende, na mwokotaji wa kule chini ya mti ndiye anayepata kipande chembamba zaidi cha bei. Kwingine wamejaribu njia nyingine. Kampuni ya Aduna ya London, iliyoanza mwaka 2012, ilijenga jina lake kwa unga wa ubuyu unaokusanywa na kuchakatwa na wanawake wa kaskazini mwa Ghana, eneo kame ambalo vijana wake huhamia kusini kutafuta vibarua. Huko ununuzi ulifungamanishwa na vikundi vya akina mama, na kazi ya kwanza ya uchakataji ikafanyika karibu na miti. Mpango kama huo haumalizi umaskini. Unamwezesha mama kuwa na fedha yake mwenyewe katika miezi ambayo shamba halina cha kuuza, na hiyo ni fedha ya daftari la mtoto na ya nauli ya kliniki.

Hoja ya makala haya basi ni kwamba halmashauri zinazotaka kusaidia vijiji vya mibuyu zisianze na maonyesho wala vipeperushi vya faida kumi za ubuyu. Zianze na banda. Banda lenye sakafu ya saruji, maturubai safi, chekeche za chuma kisichoota kutu, mizani ambayo mnunuzi na muuzaji wote wanaiona, na ghala kavu lenye madirisha ya wavu. Vitu hivi si vya anasa, na mafundi wa kuvitengeneza wapo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) limewafundisha wasindikaji wadogo wa alizeti na asali kwa miaka mingi. Ubuyu si mgumu kuliko asali. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambayo bila hiyo unga hauingii dukani mjini, kikundi kinaweza kuipata kwa pamoja pale ambapo mama mmoja mmoja hawezi. Na mbegu zisitupwe. Mafuta yanayokamuliwa humo hulainisha ngozi vizuri na yana soko katika vipodozi, ila yasigeuzwe dawa ya kunywa, maana yakiwa mabichi yana aina ya asidi za mafuta ambazo katika majaribio ya wanyama zimeleta madhara. Wauzaji wanaoyanadi kama tiba ya kila ugonjwa wanalichafulia jina tunda zima.

Kuna hatari moja ambayo wapenzi wa biashara hii huipita haraka. Kitu kikishapata bei, hubadilisha mmiliki. Mibuyu mingi haikupandwa na mtu. Imesimama kwenye malisho ya kijiji au katikati ya shamba ambalo babu alilisafisha akauacha mti kwa sababu hakuwa na shoka la kuumaliza, au kwa sababu aliogopa mizimu yake. Kwa muda mrefu mwanamke na mtoto wameokota mabuyu chini ya miti hiyo bila kuulizwa. Bei ikipanda, wataulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka juu ya ardhi ya kijiji Tanzania, na huu ndio wakati wa kuitumia kuandika sheria ndogo: nani anaokota wapi, kuanzia lini, na kwamba haki ya waokotaji haifutwi na anayekuja na fedha.

Kilifi ilitoa somo chungu mwaka 2022. Mibuyu mikubwa iling'olewa na mizizi yake, ikafungwa kwa makreni ili isafirishwe hadi bustani ya miti nchini Georgia, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walilipwa, kwa taarifa za wakati huo, kati ya shilingi 100,000 na 300,000 za Kenya kwa mti. Picha zilisambaa, watu wakalia, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaamuru uchunguzi wa iwapo kibali kilizingatia makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za viumbe hai. Wengi waliwalaumu wauzaji. Ni rahisi kumlaumu mtu mwenye njaa ukiwa umeshiba. Mkulima aliyesema anahitaji nafasi ya kupanda mahindi alikuwa anasema ukweli wa hesabu yake: mti uliomzibia jua la shamba, na ambao mabuyu yake hununuliwa kwa bei ya maganda, haukuwa na jinsi ya kushindana na fedha ya mkupuo. Kama mti ule ungekuwa unamwingizia unga wa kuuza kila kiangazi, makreni yangekuta mwenye shamba mgumu zaidi.

Na miti yenyewe haina mbadala wa haraka. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Adrian Patrut waliandika katika jarida la Nature Plants kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi waliyoipima kusini mwa Afrika, 9 ilikuwa imekufa au imeporomoka kwa sehemu katika muda wa miaka kumi na ushei. Mmojawapo, Panke wa Zimbabwe, ulikuwa umeishi karibu miaka 2,450. Kwetu, tembo wa Ruaha na Tarangire hutafuna magome ya mibuyu wakati wa kiu, na shina lake laini linaweza kutobolewa hadi mti ukaanguka. Lakini tishio kubwa kwa mbuyu wa kijijini halina mkonga. Ni mbuzi, jembe na moto wa kusafishia mashamba. Ukipita barabara ya Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera utaona wazee wa miti kila upande, wanene, wenye makovu. Tafuta vijana. Utatembea sana kabla ya kumwona mmoja mwenye unene wa paja.

Mbuyu wa Afrika Mashariki huweza kuchukua miaka 16 au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Ua hilo jeupe hufunguka jioni, huning'inia usiku kucha likisubiri popo na komba walete chavua, na kesho yake limekwisha nyauka. Kwa hiyo anayefukuza popo kwenye mwembe wake anamnyima jirani ubuyu. Watafiti wa kilimo mseto, wakiwemo wa kituo cha kimataifa chenye makao Nairobi, wameonyesha kwamba kubebesha kikonyo cha mti unaozaa vizuri juu ya mche mdogo hupunguza kungoja huko hadi miaka michache. Hii ni elimu ya kufikishwa shambani, pamoja na kisu cha kubebeshea na mtu wa kuelekeza.

Asiyekuwa na kisu cha kubebeshea ana mbegu, zilezile zilizobaki mkekani baada ya kuchekecha. Ganda lake ni gumu. Porini hulainishwa na tumbo la tembo au nyani, nyumbani hukwaruzwa kwa tupa au kumwagiwa maji ya moto na kuachwa humo usiku kucha. Hupandwa mvua zinapokaribia. Baada ya hapo kazi kubwa ni ua la miiba ya migunga kuuzunguka mche, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mtoto aliyeonyeshwa yale majani membamba ili jembe lipite pembeni. Siku moja jani jipya litachomoza limegawanyika mara tatu, baadaye mara tano. Kuanzia hapo kila mpita njia ataujua ni mti gani.